Ukishahamia kwako ndo mafundi wanaanza

Kuna maneno watu wa Dar tunapenda sana kuambiana, "jenga bwana, achana na kodi za watu." Sawa, na mi nimejenga huku Goba, sina ugomvi kabisa na kujenga, ugomvi wangu ni na hii hesabu kwamba siku ukihamia matumizi yameisha. Anayesema hivo ama bado amepanga ama anakuuzia kiwanja.

Chukua ukuta tu. Ukuta wangu wa korido unatoa chumvi. Maji yanapanda toka chini kwenye msingi yanakuja na chumvi, yakikauka chumvi inabaki, plasta inavimba, rangi inabanduka, ukipitisha kiganja unabaki na unga mweupe. Dawa yake ilikuwa nailoni ilazwe juu ya msingi kabla tofali la kwanza halijapanda, bei yake ndogo kuliko saruji yote iliyofuata, lakini nyumba nyingi huku hazina. Sasa anakuja fundi rangi, anakwangua, anapiga wolputi (ule unga wa kulainisha ukuta), anapaka rangi mara mbili, unafurahi, unapiga na picha. Masika ikipita, chumvi hiyo hapo. Unaita fundi mwingine, na fundi mwingine siku zote anaanza kwa kusimama mbele ya ukuta, kusonya, na kuuliza "hii kazi alikufanyia nani?" Sijawahi kuona fundi anayemsifia aliyemtangulia, na huyo anayesonya leo kesho atasonywa yeye.

Afu kuna haya mapaa ya kontemporari, hapa ndo nina hasira kidogo. Bati linalazwa chini linafichwa nyuma ya ukuta, ukiwa barabarani unaona boksi safi kama la kwenye magazeti. Dar tuna vuli na tuna masika, mvua zetu hazinyeshi, zinamwagwa. Maji yote ya paa yanakimbilia kwenye gata, ule mfereji wa maji ya mvua, moja ya ndani ambayo huioni mpaka upande na ngazi, majani ya mwarobaini yakiziba mdomo wa bomba maji hayana pa kwenda yanarudi ndani, yanashukia kwenye jipsamu ya dari, na jipsamu ikilowa hairudi hali yake, inashika doa la rangi ya chai, inaning'inia, siku moja inadondoka mezani. Jirani yangu ameshaweka silikoni, ameweka lami, amebadilisha gata, kila masika mabeseni yapo sebuleni. Nyumba ya bati la kawaida lenye mteremko wa kutosha na linalotokeza nje ya ukuta haina mvuto kwenye picha, lakini maji yanadondoka nje. Yangu ya kawaida na bado inavuja pale kwenye vale, pande mbili za paa zinapokutana, sembuse ya kwake.

Vitu vidogo ndo vinamaliza mtu kimyakimya. Boya la simtanki likikwama maji yanamwagika usiku kucha, na bili inakuja. Pampu ikiachwa inazunguka hakuna maji, inaungua. Geti linakula kutu, na wenzetu wa Mbweni na Kigamboni wenye upepo wa bahari ndo usiseme. Karo la choo likijaa ni kuita gari la kunyonya, kwenye masika ardhi imeshiba maji hivo unanyonya leo, wiki ijayo limejaa tena, na dereva anakuambia barabara mbovu ongeza hela. Barabara yenyewe mnachangishana mtaani kununua kifusi, mvua inakishusha bondeni, mnachangishana tena, na yule mwenye prado ndo anakuwa wa mwisho kutoa.

Matumizi pekee ya nyumba ninayoyajua mapema ni kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, nyumba ya kawaida ilianza elfu moja kwa mwezi na toka 2023 ni 1,500. Hiyo hainisumbui. Inayosumbua ni ile ya ghafla, inayokuja Januari pamoja na ada za watoto.

Kwa hiyo mimi na mama watoto tukakubaliana, kila mwisho wa mwezi tunatoa hela ya nyumba kama vile bado kuna mtu tunamlipa kodi, sio kubwa, inakaa pembeni haiguswi hata kwa harusi. Ndugu wanatushangaa, "si mmejenga nyie?" Ndio tumejenga. Na fundi bomba mmoja anayejua mabomba yamepita wapi ndani ya ukuta namlinda kuliko hata fundi gari, huyo akihama mji nitabomoa tailizi zote kutafuta koki.

Siku hizi nikiona mtu anauza ramani za nyumba mtandaoni, ile michoro yenye taa za bluu na gari jeupe nje, naandika chini pale: kaka, hiyo gata inasafishwaje, mtu anapandia wapi? Wengi hawajibu. Mmoja alinijibu kwa kunitumia bei ya ramani.