Riba ya nyumba inanimaliza

Jamani, mkopo wa nyumba Dar umekuwa mateso. Juzi nimeenda benki moja (siitaji), nikaambiwa riba ni asilimia 15 kwa mwaka. Ofisa alilitamka kana kwamba ananipa zawadi. Nimerudi nyumbani nikapiga hesabu: milioni 60 kwa miaka 20 ni kama shilingi 790,000 kila mwezi. Jumla inazidi milioni 189! Yaani nanunua nyumba moja kwa bei ya nyumba tatu. Na hapo sijaweka ada ya mthamini, ya mwanasheria, wala bima.

Haya, mtu anakwambia nenda pembeni, kule Chanika au Mbagala ndani ndani, viwanja bei nafuu. Nimekwenda. Bei kweli inalipika, lakini karatasi ya mauziano ina muhuri wa serikali ya mtaa tu. Benki inataka hati miliki. Kwenye hati, bei imesharuka juu ya uwezo wangu. Penye uwezo wangu, hati hakuna. Sasa mwalimu, nesi, fundi wakope wapi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria ya mikopo ya nyumba ipo tangu 2008, na kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu, TMRC, ikaanzishwa 2010. Miaka yote hiyo, na sisi wapangaji bado tunadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwenye nyumba wangu kapiga simu tena leo asubuhi.