Usiku Nilipofagia Folda Tupu

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama ishirini na watatu huko Tabata, na hapendi mtu wa kuchelewa. Ukichelewa kikao, faini elfu moja. Ukichelewa halafu ukaja na kisingizio, elfu mbili. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, huku nikila pilau lake, ndiye niliyejitolea kumtengenezea mfumo wa kuandika hisa, mikopo na faini, aachane na lile daftari lenye madoa ya chai. Siku ya kuonyesha kazi ikapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

Ijumaa usiku, laptopu ikaniambia diski imejaa.

Ilijaa video za sendofu ya mdogo wangu, na nilishaonywa na ukoo mzima nisifute hata moja, ikiwemo ile ya mjomba akicheza peke yake dakika kumi na saba. Kwa hiyo nikaanza kuokoteza nafasi penginepo.

Kazi ya kikoba nilikuwa naitunza kwa Git. Kwa asiyeijua, hiyo ni programu ya kuweka kumbukumbu za kazi yako hatua kwa hatua. Ukifika mahali unapotaka kupakumbuka, unakomiti: unaandika ujumbe mfupi, nayo inahifadhi mafaili yalivyo wakati huo. Siku yoyote ukiharibu, unarudi nyuma. Ilianzishwa Aprili 2005 na Linus Torvalds, yule yule wa Linux, na jina lenyewe huko Uingereza ni tusi dogo la mtu mpumbavu. Kufikia saa saba ya usiku ule nilikuwa nimeshajua linamhusu nani.

Nikiri jambo moja mapema. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu kwenye kazi ile, ujumbe wa komiti zangu ulikuwa kama shajara. "Marekebisho." "Marekebisho ya marekebisho." "Sasa hivi kweli." "Riba imegoma, nalala." Na mwingine ambao tutaufikia.

Kumbukumbu zote hizo hukaa kwenye folda moja iliyojificha, jina lake linaanza na nukta: .git. Sikuwahi kuichungulia. Niliishi nayo kama unavyoishi na mtungi wa gesi, jiko likiwaka huna haja ya kuinama.

Usafi nilianza vizuri. Nikaandika git gc, amri ya kuifanya Git ijipange. Kabla ya hapo, kila kitu ilichokuwa imehifadhi kilikaa kama kifaili chake ndani ya folda ya objects. Git hukokotoa jina la kila kimoja kutokana na kilichomo, herufi na tarakimu arobaini. Mbili za kwanza zinakuwa jina la folda, thelathini na nane zilizobaki zinakuwa jina la faili. Ni kama masanduku ya posta: unatafuta ukuta, halafu unatafuta sanduku. Ukiamuru gc, barua zote zinakusanywa kwenye furushi moja lililobanwa vizuri, pamoja na faharasa ya kuonyesha nini kiko wapi. Repo yangu, yaani ghala la kazi pamoja na kumbukumbu zake zote, ikashuka kutoka megabaiti sitini hadi kumi na moja.

Hapo ndipo ningelala.

Lakini mtu akishashika ufagio usiku hasikii la mtu. Nikajiambia, sasa nifute na folda zote tupu. Nieleweni vizuri, folda tupu haichukui nafasi ya maana kwenye diski. Nilijua. Niliona tu kwamba mtu msafi hana folda tupu. Nikaandika:

find ~ -type d -empty -print -delete

Maana yake: tafuta nyumba nzima, kila folda isiyo na kitu itaje jina, kisha ifute. Majina yakaanza kuteremka, na ilikuwa kama kusomewa shitaka. "Mazoezi ya asubuhi." "Kujifunza Kiarabu." "Kitabu changu." "Biashara ya kuku." "Biashara ya kuku 2." Katikati ya huzuni ile yakapita majina mafupi mafupi, heads, tags, refs, na kwa jinsi nilivyokuwa nawaza kuku sikuyajali. Nikafunga dirisha. Nafasi niliyopata kwenye diski: sifuri.

Nikarudi kwenye kazi. Wiki tatu za jasho, ukurasa mzima wa mikopo na riba, nilikuwa nimeziweka kwenye tawi, yaani mkondo wa kazi wa pembeni, linaloitwa mikopo. Wakati huo nilikuwa nimesimama kwenye main, tawi la zamani lenye orodha ya majina na kitufe kimoja cha bluu kisichofanya kitu. Nikaiambia Git inihamishe. Ikanijibu kwa Kiingereza chake kikavu kwamba hapa si kwenye repo ya Git, wala kwenye folda yoyote ya juu yake.

Nikaandika tena, polepole, kama unavyomrudia mtu asiyesikia vizuri. Jibu lile lile.

Nikaangalia: .git ipo. Nikaipima: megabaiti kumi na moja zake ziko pale pale. Yaani mwenye nyumba yumo ndani, taa inawaka, anakujibu kupitia dirishani kwamba hapa hakai mtu.

Kuhusu nakala ya pili mtandaoni, msiniulize. Nilikuwa nimepanga kuipeleka kesho, tangu mwezi wa tatu. Bando nalo lilikuwa limeisha kwa kumtumia mjomba video yake. Zilibaki dakika chache za kupiga simu, nikampigia rafiki yangu aliyeko Morogoro, fundi kweli kweli. Saa saba usiku.

"Kaka, nimekwisha."

"Nani amefariki?" Nyuma yake nikasikia mkewe akiuliza hivyo hivyo.

"Repo. Git inasema hainijui."

"Umefuta nini?"

"Sijafuta kitu. Nimefuta folda tupu tu."

Kimya.

"Tupu?"

"Tupu kabisa, kaka. Hazikuwa na hata kifaili."

Akacheka. Akacheka huku akimsimulia mkewe, ambaye naamini hakuelewa lakini naye akacheka. Dakika zangu zinakwenda.

"Sikiliza bwana, hakuna kilichopotea. Git ikitaka kujua kama folda ni repo haifungui ikaanza kusoma kazi yako. Inaangalia vitu vitatu tu getini. Kimoja kikikosekana inakukana. Wewe ingia kwenye .git, tengeneza folda moja tupu, inaitwa..."

Simu ikakata. Dakika zimekwisha. Maduka yamefungwa. Nikasubiri anipigie yeye. Baadaye aliniambia alidhani nimeshaelewa, akalala.

Basi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikaingia ndani ya .git kwa miguu yangu. Kulikuwa na faili la description, limeandikwa kwamba repo hii haina jina, hariri faili hili uipe. Miezi mitano naishi na mtoto hana jina na sijui. Kulikuwa na folda ya hooks, imejaa hati za kuamrisha mambo yatokee kabla au baada ya komiti, lakini kila moja jina lake linaishia na .sample, na kwa hiyo hazifanyi lolote, ni askari wa sanamu. Kulikuwa na config, index, info, logs, objects. Vyote vimekaa kwa adabu. Utajuaje kilichokosekana kwenye nyumba ambayo hujawahi kuikagua?

Nikapata akili moja, na najivunia hadi leo. Nikatengeneza folda nyingine kabisa pembeni, nikaandika git init, ikazaliwa repo mpya. Nikaweka orodha mbili bega kwa bega, mtoto mchanga na mgonjwa, nikahesabu viungo.

Mgonjwa alikosa viwili: branches na refs.

Sasa fikiria na wewe. Kilichopotea ni tawi. Branches ni matawi. Mtu wa Kiingereza cha sekondari anasita nini hapo? Nikatengeneza branches kwa mkono wa kishujaa, nikaandika git status, amri ya kuiuliza Git hali ya kazi, huku nimefumba jicho moja.

Hapa si kwenye repo ya Git.

Kumbe folda ile haina uhusiano wowote na matawi tunayofanyia kazi. Ni mabaki ya zamani, ilikuwa ya kuwekea anwani za repo za mbali, na siku hizi hakuna anayeigusa. Bado kwenye toleo nililokuwa nalo ilikuwa inazaliwa na kila repo, tupu, na hufa tupu. Jina lake ndilo lililonila nusu saa, maana nilianza kuhangaika nayo: labda ndani yake kunatakiwa folda ya main? Nikaiweka. Labda na ya mikopo? Nikaiweka. Nilikuwa napamba chumba cha mgeni ambaye hata haji.

Saa tisa kasoro nikafungua faili linaloitwa HEAD, ambalo ningelifungua kwanza kama ningekuwa mtu wa mpangilio. Ndani, mstari mmoja tu:

ref: refs/heads/main

Nikaukodolea macho. HEAD ndilo faili linaloiambia Git umesimama wapi, na hapa lilikuwa limeshika karatasi ya maelekezo: ingia refs, kisha heads, muulize main. Refs yenyewe ndiyo haipo. Vile vimajina vilivyopita nikiwaza kuku.

mkdir .git/refs

Folda tupu. Nikaandika git branch, amri ya kuorodhesha matawi, sikufumba macho, sikuwa na nguvu hata ya kufumba.

* main
  mikopo

Nilipiga ukelele, jirani akagonga ukuta.

Halafu nikakaa chini kuelewa, maana usingizi ulikuwa umeshanikana kama Git. Mimi nilidhani tawi ni mfuko, kazi imo ndani yake. Hapana. Kwa kawaida tawi ni kifaili kidogo ndani ya refs/heads, na ndani yake mna jina moja tu la komiti, zile herufi arobaini. Komiti hiyo inataja iliyoitangulia, nayo inataja ya nyuma yake, hadi mwanzo. Wiki zangu tatu zilikuwa zinaning'inia kwenye mstari mmoja. Nilipoendesha gc, Git ilichukua mistari hiyo na kuiandika pamoja kwenye faili moja liitwalo packed-refs, ikaziacha refs/heads na refs/tags zikiwa tupu. Ufagio wangu ukafuta hizo mbili, na zilipoondoka refs nayo ikawa tupu, ikafagiliwa. Kila kitu cha thamani kilikuwa kimeshahamishiwa chumba kingine. Lakini ile HEAD, objects na refs ndivyo vile vitatu vya getini, na mlinzi hataki kujua. Leta begi lako, hata kama ni tupu, begi lazima nilione.

Rafiki yangu alinieleza kesho yake kwamba hata ningeandika git init mle mle ingenirudishia folda zilizokosekana bila kugusa kazi. Niliifikiria usiku ule, nikaogopa. Ilinisikika kama kumwambia mgonjwa azaliwe upya.

Saa nne kasorobo asubuhi nilikuwa sebuleni kwa shangazi, macho mekundu, laptopu imeunganishwa na runinga. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi, vitumbua vikapita. Mfumo ukafanya kazi. Hisa zikaingia, riba ikajumlishwa, akina mama wakaguna kwa kuridhika. Ndipo mama mmoja wa pembeni, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini.

"Sasa mwanangu, tutajuaje kwamba usiku huji ukaibadilisha programu hii ikatuibia?"

Nilikuwa nimejaa elimu ya saa tisa usiku hadi kooni. Nikamwambia, mama, kila nilichobadilisha kwenye programu kina komiti yake, na jina la komiti linakokotolewa kutokana na yaliyomo na jina la iliyotangulia. Nikigusa ya nyuma, jina lake linabadilika, na majina ya zote zilizofuata yanabadilika. Andikeni jina la leo kwenye daftari lenu. Siku mkikuta halimo tena kwenye kumbukumbu hizi, niiteni.

Wakapiga makofi. Na mimi, mjinga kwa jina la Kiingereza, nikasema, ngoja niwaonyeshe. Nikaandika git log, amri ya kuorodhesha komiti zote na ujumbe wake.

Runinga ya shangazi ni inchi hamsini na tano. Ukaanza ujumbe wa juu, "marekebisho", akina mama wakatikisa kichwa. "Sasa hivi kweli." Kicheko kidogo. "Riba imegoma, nalala." Kicheko kikubwa. Nikaukumbuka ule mwingine wakati kidole kimeshashusha ukurasa.

"Shangazi kabadilisha mawazo tena, mara ya tisa, Mungu nipe moyo."

Sebule nzima ikageuka kumtazama shangazi. Yeye alikuwa amevaa miwani, anausoma polepole, midomo ikitembea. Akaivua.

"Hiyo," akasema, "si umesema haifutiki?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sawa. Faini ya kumsema kiongozi ni shilingi ngapi, katibu?"

Katibu akapekua katiba. Elfu tano.

"Iingize humo humo kwenye mfumo wako, tuone kama inafanya kazi."

Nikaiingiza. Ikakubali, ila jumla ya faini ikasomeka mara mbili, kosa dogo la hesabu. Nikalirekebisha pale pale mbele yao. Ikabaki kukomiti, na shangazi alikuwa ameshavuta kiti hadi begani kwangu, miwani puani, anasubiri aone nitaandika nini.

Nikaandika: "Marekebisho, kwa heshima zote."