Mwalimu Dyua

Kabla hamjaletewa ile ya kuongezewa chumvi, sikilizeni ya mwenyewe. Mwenzangu wa Hisabati ameshaitangaza hadi Chamwino kwamba nimetunga kitenzi cha Kiingereza. Mtu anayetafuta X tangu ajira yake ya kwanza, leo kawa bingwa wa sarufi!

Kidato cha tatu, kipindi cha mwisho, vumbi la Dodoma linaingia dirishani bila hodi, na madam mkuu kakaa nyuma anakagua ufundishaji. Nikaanza kibabe. Ubaoni: “Walking to Majengo, the rain beat me.” Nani anatembea?

“Mvua, mwalimu!”

Safi. Kirai cha patisipo, kama hiki cha “walking”, lazima kiwe na mwenyewe. Usipomtaja, kinadandia jina la kwanza baada ya mkato. Nikaandika nyingine: “Considering the dust, the match was good.” Hapa mechi haifikirii chochote, na hakuna kosa, maana “considering” imeshaacha ukitenzi, imekuwa kihusishi. Vivyo hivyo “concerning” na “regarding”. Madam akatikisa kichwa kukubali. Ningeishia hapo, jamani!

Mkono ukapanda kule nyuma. Walimu wenzangu mnaujua huo mkono: ama anaomba kwenda chooni, ama anakuumbua.

“Mwalimu, na ‘during’ je? Kitenzi chake kipi?”

Mdomo ukanitangulia. “Dure, tamka ‘dyua’. Maana yake kudumu. Kilishakufa.”

Kimya. Chaki imeganda vidoleni. Madam akafungua kalamu taratibu, akaandika neno moja, akalipigia mstari. Akaupiga tena. Jasho likatoka kisogoni, likashuka mgongoni bila haraka, nalisikia kila hatua. Halafu kasauti kembamba: “I dure.” Kengine: “You dure.” Mara darasa zima, kama kwaya ya Pasaka: “He dures! We dure! They dured!” Mmoja anapiga dawati. Madam kajifunika uso kwa daftari, mabega yanacheza.

Kengele, ofisini, kamusi kubwa. Kitenzi kipo! Kiingereza kilikitoa Kifaransa, kikachakaa, ikabaki “during”. Ndugu zake “endure” na “duration” wako kazini hadi leo. Madam akasoma, akasema sawa. Lakini nani anasambaza kamusi WhatsApp?

Leo asubuhi getini, mlinzi kanyoosha mkono: “Mbukwa, mwalimu Dyua! Ile elfu mbili yangu ya Nanenane bado inadyua?”