Nukta mbili zinatumaliza macho
Jamani, gpgconf, amri ya kuangalia na kubadilisha mipangilio ya GnuPG (programu ya usimbaji), inanichosha. Jana jioni ofisini Kirumba, Mwanza, nilitaka jambo dogo tu: kujua nywila ya ufunguo wa GnuPG inakumbukwa muda gani kabla ya kuulizwa tena. Nikaandika gpgconf --list-options gpg-agent, yaani nionyeshe mipangilio ya gpg-agent, sehemu ya GnuPG inayokumbuka nywila. Skrini ikajaa kama dagaa walioanikwa soko la Mwaloni, mistari imebanana, nukta mbili kila mahali!

Kila mstari una sehemu 10 na hakuna vichwa. Ukikuta namba kama 24, uichanganue mwenyewe: 16 ni kwamba ipo thamani ya msingi, 8 ni kwamba unaweza kuibadilisha programu ikiwa inaendelea. Ile 600 niliyoitafuta ilikuwa sehemu ya nane. Ni sekunde, yaani dakika 10. Mipangilio ya mfumo mzima, kwa --list-config, nayo hutoka kwa nukta mbili vilevile.

Najua umbo hilo limekusudiwa programu nyingine zilisome. Sisi tunaosimamia kompyuta je? Kijana anayejifunza kazi kwetu alikata tamaa, akanakili mipangilio ya mashine nyingine bila kuielewa. Kwenye usimbaji hiyo ni hatari kweli. Watengenezaji wa GnuPG, tuwekeeni jedwali lenye vichwa, tusome kwa macho yetu.