Hamburg ina moshi zaidi, lakini Dar ndiyo inayojengwa sasa

Kila mkutano mkubwa wa tabianchi ukikaribia, wenzangu kazini hapa Hamburg huniuliza Afrika itafanya nini na moshi wa miji yake inayokua. Nawajibu kwa hesabu. Mtanzania mmoja hatoi hata nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mjerumani hutoa takriban tani saba.

Hesabu hiyo inanipa haki ya kujibu, ila hainifurahishi. Namba yetu ni ndogo kwa sababu watu wetu hawana, basi. Isitoshe, haihesabu mkaa: miti inayoteketea Pwani na Morogoro, na moshi anaouvuta mama jikoni. Dada yangu anayeishi Chanika, pembeni mwa Dar es Salaam, bado ananunua mkaa kwa kopo. Kwa mwezi mzima, mtungi mdogo wa gesi ungemtoka nafuu, lakini mkaa wa leo hununuliwa kwa hela ya leo, na mtungi unataka hela yote kwa mkupuo. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, mradi gesi ya kulipia kidogo kidogo, kama tunavyonunua umeme wa LUKU, iwafikie na watu wa Chanika.

Linaloninyima usingizi zaidi ni jinsi jiji linavyotanuka. Sensa ya 2012 ilikuta Dar ina watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Wengi wanakwenda pembeni: Chanika, Goba, Madale, hadi Kibaha. Mtu ananunua kiwanja, anajenga pole pole, anahamia nyumba ikiwa bado haijapigwa plasta, ndipo barabara na maji vimfuate miaka baadaye. Dada yangu hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, daladala mbili mpaka Kariakoo. Kijana wake akianza kudunduliza anunue gari kuukuu kutoka Japani, nani atamlaumu? Mimi mwenyewe sina gari hapa, na si kwamba nayapenda mazingira kuliko yeye. Treni za U-Bahn za mjini Hamburg zilianza 1912, na nyingine zilipelekwa hadi vijijini kabla watu hawajajaa. Reli ilitangulia, nyumba zikafuata.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Nikirudi likizo naona mtindo wa paa lililofichwa nyuma ya kuta na madirisha makubwa ya alumini ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua unapata nusu tu ya upenyo. Jua la mchana likipiga kwenye vioo vile, ndani hakukaliki bila kiyoyozi. Nyumba ya babu ilikuwa na paa la juu, baraza lenye kivuli na madirisha ya nyavu yanayotazamana, upepo unapita tu. Huku Ujerumani nishati nyingi ya nyumbani inaishia kwenye kupasha joto, wala hawakujichagulia baridi. Sisi tunajijengea joto wenyewe, kwa gharama zetu.

Na tuna bahati ambayo Hamburg haikuwa nayo. Hapa waliwasha mtambo mkubwa wa makaa ya mawe wa Moorburg mwaka 2015, wakauzima 2021, fedha zote zile. Sisi tuna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115, na tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dodoma. Umeme safi upo, lakini hauwezi kumpunguzia mtu safari ya saa mbili kwenda kazini.

Hamburg na Dar ni miji rafiki tangu 2010. Kama kuna kitu cha kuchukua kwenye urafiki huo, nachagua wapimaji na wapangaji miji kabla ya paneli za jua. Njia ya usafiri wa umma ya kutoka Pugu kwenda Chanika na kuendelea ipimwe na iwekewe mawe ya mipaka sasa, wakati bado kuna mashamba ya kuipitisha. Waliobomolewa nyumba zao Kimara mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro wanajua kuchelewa kunamgharimu nani.