Pesa ya Barghash haihitaji ndimu

Sarafu ya shaba iliyokolea rangi ya kahawia haina kasoro ya kurekebishwa. Anayeisugua ili ing'ae anaiharibu, hata kama nia yake ni njema. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu huku pwani pesa nyingi za kale zinazouzwa zimeshasuguliwa. Muuzaji anajua mgeni huvutwa na kinachometameta.

Chukua pesa, yaani sarafu ya shaba ya Zanzibar ya Sultan Barghash bin Said, yenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani karibu na 1882. Upande mmoja una jina la Sultani kwa Kiarabu, upande wa pili mizani. Ilipotoka kiwandani ilikuwa nyekundu. Kisha shaba ikakutana na hewa, oksijeni ikafanya utando mwembamba juu yake, na utando huo ukaendelea kukolea hadi kahawia. Salfa iliyomo katika moshi na hewa huongeza weusi, na pengine huleta bluu au zambarau ukiigeuza kwenye mwanga. Utando huu umeshikana na shaba yenyewe, na ukitulia hupunguza kasi ya hewa kuendelea kuila. Ni kinga, na umechukua zaidi ya miaka mia kujijenga.

Sasa mtu anachukua ndimu na chumvi, kama anavyosafisha sinia la shaba. Asidi inayeyusha utando wote kwa dakika chache, na inabaki shaba ya waridi, rangi ambayo sarafu haikuwa nayo hata siku ilipogongwa. Baadaye inaanza kupata weusi tena, lakini kwa mabaka. Chumvi ndiyo mbaya kuliko ndimu: kloridi iliyomo ndani yake inaingia kwenye vitundu vidogo vya shaba, ikipata unyevu inaamka, na sarafu inaanza kutoa unga wa kijani hafifu. Unga huo si rangi ya umri, ni ugonjwa, na huila sarafu kwa ndani. Dawa za kung'arishia nazo zina chembe za kukwangua. Zinapita kwanza kwenye sehemu zilizoinuka, kwa hiyo vitanga vya mizani na ncha za herufi huanza kulika. Iinamishe chini ya taa uone mikwaruzo myembamba iliyoelekea upande mmoja. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Soko la kimataifa nalo lina upotovu wake. Kampuni kubwa za Marekani za kupima ubora, PCGS na NGC, huzigawa sarafu za shaba katika nyekundu, nyekundu-kahawia na kahawia, na mara nyingi nyekundu ndiyo hupata bei kubwa. Kwa sarafu iliyokaa kwenye mfuko wa benki tangu ilipotengenezwa, sawa. Lakini pesa ya Barghash, au pesa ya kampuni ya Wajerumani ya kati ya mwaka 1890 na 1892, zilitengenezwa zitumike sokoni. Mimi nikiletewa nyekundu na kahawia zenye maandishi yanayosomeka sawasawa, nachagua kahawia. Bei kubwa ya nyekundu ndiyo inayowashawishi watu kuchovya sarafu kwenye asidi. Wapo pia wanaozipasha moto au kuzipaka salfa ili zipate rangi za upinde wa mvua. Rangi halali hubadilika polepole kutoka ukingoni kwenda katikati na hukolea vizuri kuzunguka herufi. Ya kughushi mara nyingi inakaa juu juu, imekatika ghafla, au inapita juu ya mikwaruzo iliyokwisha kuwapo.

Kwa sarafu za Kilwa siruhusu mjadala kabisa. Ni vishaba vidogo vyenye majina ya masultani kama Ali bin al-Hasan, na vimesafiri mbali: vitano vilipatikana mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Shaba iliyolala mchangani kwa karne kadhaa imegeuka madini kwa nje, na mara nyingi herufi zimebaki ndani ya tabaka hilo la kijani. Ukilikwangua, umekwangua jina la sultani. Kitu cha namna hiyo kipelekwe makumbusho, kwa watu waliosomea kazi hiyo.

Zipo kazi halali za kufanya. Mafuta, au ute wa kijani ulioachwa na mifuko ya plastiki ya PVC, hutolewa kwa asetoni safi (kimiminika cha kuyeyushia mafuta), isiyo na rangi wala manukato, kwa kuloweka bila kusugua, mahali penye hewa na mbali na moto. Asetoni haigusi utando. Baada ya hapo shika sarafu kwa ukingo, maana jasho la kidole huacha alama isiyotoka, na uihifadhi kwenye chombo kisicho na PVC pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kwa hewa yetu ya bahari vipakiti hivyo ni vya lazima, na vibadilishwe kila vinaposhiba maji.

Kwa wauzaji nina ombi moja: pesa iliyosafishwa iandikwe kwamba imesafishwa, na iuzwe kwa bei ya iliyosafishwa. Mnunuzi ana haki ya kujua hilo kabla hajatoa fedha yake.