Neno la Herufi 45 Lililonipeleka Hospitali

Mchezo wenyewe ni rahisi. Unataja neno moja la Kiingereza lenye irabu zote tano, a, e, i, o na u, kwa mpangilio wowote. Kila herufi ni pointi moja. Lazima ulitamke mwenyewe hadi mwisho bila kupumua katikati, kisha utoe maana. Mwamuzi ni Mjomba, mwalimu mstaafu, ambaye huweka kamusi mapajani na hana undugu na mtu mpaka mchezo uishe.

Shemeji alianza. Akasimama, akatamka floccinaucinihilipilification, herufi 29, bila kukwama popote. Maana yake, akasema, ni kukiona kitu hakina thamani yoyote, na neno limekuwapo tangu 1741. Tukapiga makofi. Mjomba hakupiga. Alilipitia kwa kalamu herufi kwa herufi, akainua kichwa: "E iko wapi, baba?"

I zilikuwa tisa. E hakuna hata ya dawa. Shemeji akakaa chini na sura ya mtu aliyenyimwa mirathi.

Binamu akaja na honorificabilitudinitatibus, herufi 27. Hili kwa kweli lingefaa liwe letu, maana ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, mwanzo hadi mwisho: ho-no-ri-fi-ca-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bus. Ulimi unateleza tu. Shakespeare alilitia kwenye tamthilia, na maana yake ni hali ya kustahili heshima. Kwa Mjomba halikupata heshima yoyote. E tena.

Mke wangu alikuwa na neno safi kabisa, facetious, ambalo irabu zake zimejipanga a, e, i, o, u kama tulivyofundishwa. Akaulizwa maana, akasema ni mtu mwenye uso mzuri. Kumbe ni mtu wa mzaha mahali pasipo mzaha. Likafutwa, na mimi nikaangaliwa kana kwamba ndimi niliyeandika kamusi.

Mpwa wangu mdogo alisema sequoia. Herufi saba, irabu zote tano, mti wa California unaoweza kupita mita 100. Mjomba akaandika saba. Watu wazima tukacheka.

Zamu yangu sasa. Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye neno moja, nimeliandika kwa herufi kubwa: PNEUMONOULTRAMICROSCOPICSILICOVOLCANOCONIOSIS. Herufi 45. Ni ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini mno la silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe, kama la volkano. Everett Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, alilitunga mwaka 1935 ili tu liwe refu kuliko mengine, na kamusi zikalipokea. Hiyo e ya Mjomba imekaa herufi ya tatu, haihitaji kutafutwa.

Nikavuta pumzi. Pneumono ikatoka vizuri. Ultra, vizuri. Microscopic, silico... Hapo hewa ilikuwa inaniishia, lakini Mjomba alikuwa ameinua kidole. Nikaisukuma volcano kwa hewa ya akiba, na mate yakapita njia ya hewa.

Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Niliukamata mkono wa kiti. Wenzangu, wanafiki wakubwa, walikuwa wamelala sakafuni kwa kicheko.

Dada yangu ni nesi. Alikuwa chumba cha pili amelala baada ya zamu ya usiku, na mchezo hakuujua. Alipoingia alimkuta kaka yake ameshika kifua, anapiga miluzi badala ya kupumua, na mkononi ana karatasi. Akaisoma. Sehemu ya kwanza ni mapafu, na ile osis ya mwisho, mkia wa majina ya magonjwa, nesi yeyote anaijua. Sura ikambadilika.

"Umetuficha tangu lini?"

Nikatikisa kichwa. Akaona ni kukana.

"Ni neno tu," Mjomba akasema.

"Na saratani nayo ni neno tu," akajibiwa, na kabla sijapata sauti nikawa ndani ya gari.

Mapokezi, mwandikishaji aliambiwa aingize ugonjwa kama ulivyo kwenye karatasi. Kompyuta ikagoma baada ya herufi ya 20. Mimi kwa sauti iliyobaki nikajitahidi kueleza asili ya jambo: "Everett Smith... 1935..." Mwandikishaji akanishukuru kwa ushirikiano na kuendelea kuchapa. Ndiyo maana faili lililofika kwa daktari lilisema mgonjwa anaumwa pneumonoultramicrosc, na ndugu yake wa karibu ni Everett Smith, aliyezaliwa 1935.

Daktari alinipima kifua kwa muda mrefu, mbele, nyuma, mbele tena.

"Umewahi kuishi karibu na volkano?"

Hapana.

"Kuchimba madini? Kupasua mawe?"

Hapana.

"Sasa hilo vumbi umelipata wapi?"

"Kwenye kamusi," nikasema. Ndiyo sentensi ya kwanza iliyotoka nzima.

Alimtazama dada yangu. Dada yangu aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi kwa jicho ambalo nadhani bado linaendelea. Daktari akaeleza, kwa upole kuliko tulivyostahili, kwamba wao huandika silicosis, herufi tisa zinawatosha, na wanaoumwa ugonjwa huo hasa ni wachimbaji na wapasua mawe. Wewe, akaniambia, huna hata herufi moja.

Nikiwa bado kwenye benchi nikisubiri kuruhusiwa, nilimtumia Mjomba ujumbe kudai pointi zangu. Akajibu kwamba mdomo ulifika volcano, na pneumonoultramicroscopicsilicovolcano haimo katika kamusi yoyote. Sifuri. Mshindi ni mpwa, kwa pointi saba.

Nikakata rufaa, hoja nne, zimepangwa vizuri. Jibu la rufaa lilitoka kwa Shemeji. Lilikuwa neno moja, herufi 29, na chini yake Mjomba alikuwa ameongeza kwamba mara hii e haihitajiki.